Judo, jujitsu ya Brazil, mieleka au sambo: uanze na ipi?

Mtu anayetaka kujifunza kupigana kwa kukamatana, bila ngumi wala mateke, hukutana mapema na majina manne: judo, jujitsu ya Brazil, mieleka ya Olimpiki na sambo. Kwa macho ya mgeni zote ni kitu kimoja. Wawili wanashikana, mmoja anaangushwa, wanagaragazana mkekani hadi mmoja azidiwe. Ndipo mgeni anauliza ipi kali kuliko zote, na jibu la maana halipatikani, kwa sababu kila klabu itamwambia ni ya kwake.

Swali linalosaidia ni hili: kanuni za mchezo zinampa nani ushindi? Ukifanya mazoezi miaka kadhaa, mwili wako unajifunza kile ambacho kanuni zinakilipa na kupuuza kile zisichokijali. Mtazame mtu aliyepigwa ngwala, yuko hewani anaanguka. Mwanamieleka atajipindua atue kifudifudi, maana mabega yake mawili yakibanwa mkekani pambano limekwisha. Mwanajudo naye atajipindua atue kwa tumbo, kisha atajikunyata kama kobe, akilinda shingo na kola yake huku akisubiri mwamuzi aseme "mate", yaani "subiri" kwa Kijapani, ili wasimame upya. Mtu wa jujitsu hana haraka: atatua chali, atambana mpinzani katikati ya mapaja yake na kuanzia kazi hapo hapo. Wa sambo, hata kabla hajagusa chini, mkono wake unatafuta mguu wa aliyemwangusha. Hakuna aliyekosea kati yao. Kila mmoja anafanya alichozoeshwa.

Kwa hiyo nitazilinganisha kwa vigezo vinne: ushindi unapatikanaje, miezi ya mwanzo ikoje, mwili unagharimika vipi, na maendeleo yanapimwaje. Kigezo cha kwanza nitakikalia zaidi, kwa kuwa vingine vyote vinatoka humo.

Ushindi unapatikanaje

Judo ilianzishwa Tokyo mwaka 1882 na Jigoro Kano, kijana wa miaka 21 aliyekuwa amejifunza jujutsu, sanaa ya kale ya kupigana ya Kijapani, na kuichuja, akabakiza mbinu ambazo watu wanaweza kuzifanyia mazoezi kwa nguvu zote bila kuvunjana. Lengo kuu ni kumbwaga mwenzako atue mgongoni kwa nguvu, kasi na udhibiti. Ukifaulu unapewa ippon na pambano linaishia hapo. Ippon hupatikana pia kwa kumbana mtu chali kwa sekunde 20, kwa kumpiga kabali, au kwa kukunja kiwiko chake hadi akubali kushindwa. Viungo vingine haviruhusiwi kukunjwa. Pambano la watu wazima ni dakika 4, na mkishuka chini bila kazi kusonga mbele, mwamuzi anawainua haraka.

Jambo jingine linalomuumba mwanajudo wa leo ni miguu. Mwaka 2010 shirikisho la kimataifa lilianza kuzuia kushika miguu ya mpinzani kwa mikono, na mwaka 2013 marufuku ikawa kamili. Matokeo yake ni watu hodari mno wa kutupa kwa nyonga na kupiga ngwala wakiwa wameshika koti, wanaosimama wima kwa namna ambayo mwanamieleka angeiona kama mlango ulioachwa wazi. Hata hivyo, asikudanganye mtu kwamba judo haina kazi ya chini. Katika Olimpiki ya Tokyo ya 1964, judo ilipoingia kwa mara ya kwanza, Anton Geesink wa Uholanzi alichukua dhahabu ya uzito wa wazi, usio na kikomo cha kilo, kwa kumbana chini Akio Kaminaga mbele ya umati wa Wajapani. Ujuzi upo. Tatizo ni kwamba kanuni zinakupa muda mfupi wa kuutumia, basi klabu nyingi huufundisha kwa muda mfupi vilevile.

Jujitsu ya Brazil ilitoka tumboni mwa judo. Mitsuyo Maeda, aliyesoma Kodokan, shule ya judo ya Kano, alifika Brazil mwaka 1914, na ujuzi wake ukafika kwa Carlos Gracie na ndugu zake, akiwemo Hélio. Wao waliukuza upande wa chini kuliko Wajapani wenyewe. Kanuni zao zinasema mengi: kumwangusha mpinzani ni pointi 2, kuivuka miguu yake akiwa chini anajilinda nayo ni 3, kumkalia kifuani au kuuteka mgongo wake ni 4. Yaani ule mtupo unaomaliza pambano la judo, hapa unalipwa nusu ya kukaa mahali pazuri chini. Na pointi zote hizo hazina maana mpinzani akikupiga kabali au kukunja kiungo chako ukakubali, kwani hapo umeshindwa hata kama ulikuwa unaongoza. Hakuna anayekuinua mkiwa chini. Unaruhusiwa hata kujikalisha mwenyewe ili mchezo uhamie huko, ndiyo sababu klabu nyingi zina watu wa ajabu chini ambao hawajui kumwangusha mtu aliyesimama imara.

Mieleka ninayoizungumzia hapa ni mchezo wa ushindani, si ile ya runinga inayopangwa kabla. Olimpiki ina mitindo miwili. Katika mtindo huru unaruhusiwa kushambulia miguu. Katika mtindo wa Kigiriki na Kirumi kila kitu kinafanyika juu ya kiuno, kwa kukumbatia kifua na kumrusha mtu. Hakuna kabali, hakuna kukunja kiungo, hakuna kukubali kushindwa. Unashinda kwa kuyabana mabega yote mawili mkekani, au kwa pointi: 2 kwa kumshusha mpinzani ukawa juu yake, 4 au 5 kwa mtupo mkubwa, 1 kwa kumsukuma nje ya duara. Pambano lina vipindi viwili vya dakika 3, na anayezubaa anaadhibiwa. Matokeo yake ni watu wenye msukumo usiokatika, wanaoamua wenyewe kama pambano litakuwa juu au chini. Lakini hawajazoeshwa kuihofia shingo yao, na huo mtego nitaurudia.

Sambo ilizaliwa katika Umoja wa Kisovyeti kwenye miaka ya 1920 na 1930. Mmoja wa waasisi wake, Vasili Oshchepkov, alikuwa amesoma judo Kodokan. Alikamatwa mwaka 1937 akafia kizuizini, na kwa miaka mingi sifa za kazi yake zilikwenda kwa wengine. Mwaka 1938 mchezo ukatambuliwa rasmi. Mchezaji huvaa koti, kaptura na viatu, na kanuni zinachanganya mambo: unaweza kutupa kama mwanajudo, kudaka miguu kama mwanamieleka, na kukunja kiwiko, goti au kifundo cha mguu. Kabali hairuhusiwi katika sambo ya michezo. Kipo pia kipengele cha mapigano, chenye ngumi, mateke na kabali, nacho ndicho kilichowatoa Fedor Emelianenko na Khabib Nurmagomedov, mabingwa wa mapigano mchanganyiko, yaani yale yanayoruhusu kupiga na kukamatana pamoja. Kinachonivutia zaidi ni hiki: ukimtupa mtu akatua mgongoni wewe ukabaki umesimama, umeshinda moja kwa moja. Ukianguka naye, unapata pointi tu. Kanuni hiyo moja inawafundisha kulinda urari wao kuliko wengine wote.

Miezi ya mwanzo

Judo huanza na kuanguka. Utajifunza kupiga mkeka kwa mkono mzima, kidevu kikiwa kimebanwa kifuani, kwenda nyuma, kando na mbele, tena na tena, kabla hujaruhusiwa kutupwa kwa kasi. Wengine huchoka hapo. Mimi naona ndiyo sehemu yenye thamani kuliko zote, kwa sababu mtu huanguka maisha yake yote, akiwa mchezaji au asiwe. Kisha zinakuja zile hatua za kuingia kwenye mtupo bila kutupa, mamia kwa mamia. Kuweza kumtupa mtu anayekataa kutupwa huchukua muda mrefu kuliko mbinu yoyote ya chini, na anayetaka matunda ya haraka ataumia moyo.

Jujitsu inakupa mpambano mapema, pengine wiki ya kwanza. Utakuwa chini ya mtu mwepesi kuliko wewe, kifua chake kimekukalia usoni, mkono wake umepenya chini ya shingo yako, na kila unaposukuma kwa nguvu unampa kiwiko chako. Hiyo hali inatisha mwanzoni na wengi hudhani wamekosa pumzi kumbe wamekosa utulivu. Mwalimu mzuri atakufundisha kwanza kusogeza nyonga kando, kutengeneza nafasi ya goti, kurudisha miguu kati yako na mpinzani. Faraja ni kwamba maendeleo yanaonekana: mwezi huu unakabwa dakika ya kwanza, mwezi ujao unafika ya tatu.

Mieleka huanza na miguu na mapafu. Utakaa umeinama, magoti yamekunjwa, viwiko ndani, ukipenya chini ya mikono ya mwenzako kumdaka paja, na akikudaka wewe unarusha miguu nyuma na kumlalia kwa uzito wote. Mazoezi ni makali na hayasubiri mtu. Katika nchi nyingi mchezo huu umejengwa kuzunguka shule na vyuo, kwa hiyo mtu mzima anayeanza sifuri anaweza kujikuta peke yake kati ya vijana waliocheza tangu utotoni. Uliza kabla hujaenda kama kuna darasa la watu wazima.

Sambo hufanana na judo mwanzoni, ila kujibingirisha ni kwingi zaidi na kukunja miguu kunafundishwa mapema.

Mwili unagharimika vipi

Hakuna hata mmoja usio na maumivu. Vidole vilivyoteguka, shingo iliyokaza, alama nyekundu za kola shingoni: hayo ni ya kila siku. Tofauti iko kwenye majeraha makubwa.

Katika judo hatari iko kwenye kutua: bega, mfupa wa mtulinga, goti lililonaswa wakati mwili unazunguka, na kichwa cha mwanafunzi mpya aliyetupwa kwa nyuma kabla hajajua kubana kidevu. Mtupo unaomfagia mtu mguu akaangukia kisogo si wa kufanyiwa mwanafunzi wa wiki ya pili.

Jujitsu haina mishindo mingi ya kuanguka, ndiyo maana watu wa umri mkubwa huivumilia vizuri zaidi. Majeraha yake hutokana na ukaidi. Kiwiko kimenyooshwa, mtu hataki kukubali, kano inakatika. Kukunja mguu kwa kuzungusha kisigino ni hatari zaidi, kwa kuwa maumivu huja yamechelewa na goti linakuwa limekwisha kuharibika. Kwa sababu hiyo shirikisho kubwa la mchezo huu linawazuia wenye mikanda ya mwanzo, na liliiruhusu mbinu hiyo mwaka 2021 tu, kwa watu wazima wa mikanda ya kahawia na nyeusi, tena katika mashindano yasiyotumia kimono, yaani koti na suruali nzito za mchezo. Kabali inayobana mishipa ya damu ya shingoni inaweza kumzimisha mtu kwa takriban sekunde 10. Ikiachiwa mara moja, kwa kawaida huzinduka haraka, lakini haifai mchezo wala majaribio nyumbani.

Mieleka inalipwa kwa magoti, shingo, masikio na ngozi. Sikio likisuguliwa sana damu huvilia kati ya ngozi na gegedu, na lisipotolewa maji mapema hukauka likiwa limejikunja hivyo hivyo. Vaa kinga ya masikio. Jambo zito zaidi ni kukata uzito. Mwishoni mwa 1997 wanamieleka watatu wa vyuo nchini Marekani walifariki wakijikausha maji ili waingie kwenye uzito fulani, na kanuni zilibadilishwa baadaye. Kocha yeyote anayemwambia mwanafunzi mpya, hasa mtoto, avae mfuko wa plastiki akimbie juani, ondoka kwake.

Sambo inachanganya hatari za kutupwa na za kukunjwa miguu, na kwa maoni yangu inahitaji kocha makini kuliko nyingine zote hapa.

Maendeleo yanapimwaje

Judo ina mikanda ya rangi na mitihani, na imo katika Olimpiki: wanaume tangu 1964, wanawake rasmi tangu 1992. Mieleka haina mikanda, unapimwa kwa mapambano tu. Imo katika Olimpiki za kisasa tangu 1896, na wanawake waliingia 2004. Mijaín López wa Cuba alishinda dhahabu tano mfululizo, kuanzia 2008 hadi 2024, jambo linaloonyesha mtu anaweza kudumu miaka mingapi akitunzwa vizuri.

Jujitsu ya Brazil ina mikanda mitano tu kwa watu wazima, mweupe, bluu, zambarau, kahawia na mweusi, na kuufikia mweusi huchukua takriban miaka 10 kwa mtu wa kawaida. Haimo katika Olimpiki, ila mashindano ni mengi na yamegawanywa kwa mkanda, uzito na umri, hivyo mtu wa miaka 45 hupata wa kupambana naye. Sambo haimo katika Olimpiki, ingawa shirikisho lake lilipata utambuzi kamili wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki mwaka 2021.

Ipi kwa hali yako

Kwa mtoto, ningeangalia judo au mieleka kwanza. Zote mbili zinamfundisha kukimbia, kuanguka, kuinuka na kuheshimu mwenzake, na watoto wadogo kwa kawaida hawaruhusiwi kabali wala kukunja viungo. Judo ina faida ya adabu iliyopangwa vizuri, mieleka ina faida ya kuchosha mtoto mwenye nguvu nyingi. Jujitsu nayo inafaa ikiwa klabu ina darasa la watoto lililotengwa na mwalimu anayejua kucheza nao.

Mtu mzima aliyekaa kitini miaka mingi, au aliyepita miaka 35, atapata njia laini zaidi katika jujitsu. Unaweza kupambana kwa nusu nguvu ukajifunza kitu. Mtupo wa nusu nguvu ni mgumu kuufanya, na kuupokea ni kugumu zaidi. Kama moyo wako uko kwenye judo, nenda, ila tafuta klabu inayotumia magodoro laini kwa wanaoanza, na usione haya kukataa mapambano ya kusimama kwa miezi kadhaa.

Mwembamba au mfupi anayetaka kujua kama ufundi unaweza kweli kuzidi uzito atapata jibu haraka katika jujitsu. Novemba 1993 huko Denver, Royce Gracie, mwana wa Hélio, alishinda shindano la kwanza la UFC, mashindano ya mapigano mchanganyiko, akiwa mwepesi kuliko wote watatu aliowashinda usiku ule. Nguvu na uzito bado vinahesabika, na hapo palisaidia kwamba wapinzani hawakuujua mchezo wa chini. Mwaka 1951 huko Rio, Masahiko Kimura, mwanajudo mzito kuliko mpinzani wake na bingwa wa kutupa, alimshinda Hélio Gracie kwa kumkunja mkono hadi Carlos, ndugu yake Hélio, akasimamisha pambano. Mbinu hiyo inaitwa kimura mpaka leo.

Anayewaza mapigano mchanganyiko aanze na mieleka kama ni kijana na ipo karibu, kisha aongeze jujitsu. Kuamua pambano liwe wapi ni silaha inayochukua miaka kuijenga, na ujana unasaidia. Hapa ndipo ule mtego wa shingo: mwanamieleka akiangushwa hugeuka kifudifudi, na mwanajujitsu anayemngoja atamrukia mgongoni na kumpiga kabali. Itabidi aifute tabia hiyo kwa makusudi. Sambo ya mapigano, ukiipata, inakupa vyote kwa pamoja.

Kwa anayetaka kujilinda, zote nne zina kitu ambacho mafunzo mengi ya kujilinda hayana: unajaribu mbinu kila siku kwa mtu anayekataa. Tofauti ni kwamba barabarani hutaki kubaki chini, hasa wakiwa wawili au kuna jiwe. Judo, mieleka na sambo zinakufundisha kumwangusha mtu ukabaki juu na kuondoka. Jujitsu inakufundisha kuokoka ukiwa chini tayari. Ukichagua jujitsu, muulize mwalimu kama anafundisha kuinuka kwa usalama na kujilinda na ngumi, kwa sababu klabu zinazolenga mashindano huyaruka.

Na kama karibu nawe kuna klabu mbili nzuri, usiamue kwa jina. Nenda kila moja siku ya mazoezi ya kawaida, siyo siku ya maonyesho. Angalia mkeka unasafishwa mara ngapi, kwa sababu choa na majipu husambaa kwa ngozi kugusana. Angalia mtu akigonga kukubali, mwenzake anaachia saa ile ile au anaongeza kidogo. Angalia wanawake na wanafunzi wapya wanapangwa na nani, na kama mzito anajua kupunguza nguvu. Kisha waulize wanafunzi wa mwaka wa pili, si kocha, wangapi kati ya walioanza nao bado wanakuja, na wale wengine waliacha kwa nini.